Mradi wa vijana usianze na cherehani

Msomaji wetu, huenda gazeti hili umelishika ukiwa kwenye benchi la zahanati, unasubiri kuitwa. Umekuja kupima shinikizo la damu, kuchukua dawa za mwezi, au umempakata mtoto mwenye homa. Kabla jina lako halijaitwa, jiulize swali moja: nyumbani amebaki nani?

Katika kaya nyingi za vijijini jibu ni kijana. Ni binti wa miaka 15 ambaye leo hakwenda shule kwa sababu mama hawezi kujiinua kitandani. Ni mvulana wa miaka 17 ambaye, tangu baba apate kiharusi, ndiye anayetafuta fedha ya unga. Hawa hawana kadi ya kliniki wala faili hospitalini, lakini ugonjwa wa mzazi umewagusa kuliko mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba.

Wiki hii safu yetu inazungumza kuhusu vijana hao na wenzao ambao maisha yamewabana mapema: yatima, waliokatiza masomo, mabinti waliozaa wakiwa wadogo, wenye ulemavu, na wanaoishi kwa vibarua. Tunaichukua kata ya Mabwerebwere, wilayani Kilosa, kama mfano wa mahali ambapo wazazi, wagonjwa na viongozi wa vijiji wanaweza kukaa chini na kupanga mradi wa kuwasaidia. Tunayoyasema yanafaa pia Mikumi, Kimamba, Ruhembe au kata yoyote ya Tanzania yenye maisha yanayofanana na hayo.

Hili ni jambo la afya

Yupo atakayesema suala la vijana ni la maendeleo ya jamii, halina nafasi katika safu ya afya. Sisi tunasema lina nafasi kubwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Kiwango hicho kimeshuka kutoka 27 katika utafiti wa 2015/16, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Binti ambaye mwili wake haujakomaa yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba, uchungu pingamizi na fistula, na mtoto wake yuko katika hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu. Akishajifungua, shule husimama, kipato hakuna, na mwanaume wa pili mara nyingi huja kwa ahadi ya chakula.

Upande wa wavulana, majeraha ya pikipiki hujaza wodi za mifupa. Kijana huendesha bodaboda ya mtu bila leseni, bila kofia ngumu na bila bima. Akivunjika mguu, familia huuza mbuzi, kisha shamba. Wengine huzama katika pombe kali za bei rahisi na bangi, na wengine hukaa kimya na sonona ambayo jamii huiita uvivu au jeuri. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huanza kabla mtu hajatimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba mgonjwa wa akili tunayemwona akiwa na miaka 30 alikuwa kijana mbele ya macho yetu.

Kilosa ina mambo yake pia. Ni wilaya ya wakulima na wafugaji, yenye mashamba ya mkonge na ya miwa yanayotegemea vibarua wa msimu. Barabara kuu iendayo Zambia inapita Mikumi na malori yake yanalala hapo. Reli ya kisasa nayo imepita wilayani. Mahali penye fedha za msimu na wageni wengi, kijana asiye na kitu huwa wa kwanza kujaribiwa. Tena ni wilaya ambayo mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliacha maelfu ya watu bila makazi. Kaya inayoweza kupoteza mazao yote katika wiki moja humtoa mtoto shule katika wiki ya pili.

Kwa hiyo mimba, Virusi vya Ukimwi, ulevi, ajali na sonona si matatizo matano yanayohitaji miradi mitano. Kijana ni yuleyule mmoja.

Fulana na cherehani

Sasa tuseme ukweli kuhusu namna tunavyozoea kusaidia vijana. Mradi unakuja na siku ya uzinduzi. Vijana 200 wanakusanywa uwanjani, wanapewa fulana, wanasikiliza hotuba kuhusu kujiepusha na vishawishi, wanapewa soda na nauli, wanarudi nyumbani. Au kikundi kinanunuliwa vyerehani vitano, vinawekwa katika ofisi ya kijiji, kimoja kinaharibika sindano, hakuna anayejua pa kupata vipuri, na baada ya mwaka vimefunikwa turubai.

Si kwamba cherehani ni kibaya. Kibaya ni kuanza nacho. Aliyeanza na cherehani alishaamua kijana anahitaji nini kabla ya kumjua. Binti mwenye mtoto mchanga hawezi kukaa darasani saa sita bila mtu wa kumshikia mtoto. Kijana anayemuuguza mama hawezi kuja mjini. Mvulana anayechunga ng'ombe yuko nyikani mchana kutwa. Vifaa vitakwenda kwa wale wenye nafasi ya kuja, ambao mara nyingi ndio wenye shida ndogo zaidi.

Somo la Ujana Salama

Tanzania ina mfano wake yenyewe wa kujifunzia. Katika mikoa ya Iringa na Mbeya, kwenye halmashauri za Mufindi, Mafinga, Rungwe na Busokelo, uliendeshwa mpango ulioitwa Ujana Salama. Ulitekelezwa na TASAF kwa msaada wa kitaalamu wa TACAIDS na UNICEF, na uliwalenga vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya ambazo tayari zilikuwa zikipokea ruzuku ya kaya maskini.

Ruzuku ile ya kaya haikuachwa peke yake. Vijana walihudhuria mafunzo kwa majuma 12, wakijifunza mambo mawili kwa pamoja: stadi za kujipatia kipato, na afya ya uzazi pamoja na kujikinga na VVU. Baada ya hapo walikuwa na mlezi aliyewafuatilia kwa miezi tisa. Kila aliyekuwa na mpango wake wa shule au wa kazi alipewa fedha kidogo za kuanzia, Dola 80 za Marekani, wakati huo kama Sh180,000. Na vituo vya afya vya karibu viliandaliwa ili kijana akienda apokelewe vizuri.

Watafiti waliufuatilia mpango huo kwa kuvilinganisha vijiji vilivyoupata na ambavyo havikuupata. Miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono walipungua, vijana walichelewa kuanza ngono, na zaidi yao walijiingiza katika shughuli za kipato, hasa ufugaji. Haukubadilisha kila kitu, na hakuna mradi unaobadilisha kila kitu. Ila ulionyesha kwamba elimu, mtu mzima wa kumfuata, mtaji mdogo na zahanati inayomheshimu kijana vikiletwa pamoja, maisha yanasogea.

Hesabu yake si ya kutisha. Kijiji kikichagua vijana 30 na kumpa kila mmoja mtaji wa Sh180,000, jumla ni Sh5.4 milioni. Hiyo ni takriban bei ya pikipiki mbili.

Anza na daftari

Kama ungekuwa katika kikao cha kwanza pale Mabwerebwere, tungekuomba ulete daftari kabla ya bajeti.

Kila mwenyekiti wa kitongoji, akiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, apite kaya kwa kaya na kuandika vijana wa miaka 13 hadi 24: umri, kama yuko shule, kama ana mtoto, kama ana ulemavu, kama anamuuguza mtu, na anaishi na nani. Mambo hayo yanatosha. Usiandike nani ana VVU wala nani amebakwa. Daftari hupotea na maneno hutoka. Kijana akigundua siri yake imeandikwa na mwenyekiti, hatarudi tena, na wenzake hawatakuja kabisa.

Hatua ya pili ni kuwasikiliza. Wasichana wakae peke yao na mwanamke wanayemwamini, wavulana peke yao, na vijana wa jamii za wafugaji wafuatwe kule waliko na kwa saa zao. Waulizwe maswali ya kawaida: siku yako inakwendaje, nini kinakufanya usilale, ukipata shilingi ya kwanza utaifanyia nini, mahali gani hapa kijijini unaogopa kupita. Swali hilo la mwisho huleta majibu ambayo hakuna mtaalamu angeyafikiria: njia ya kisimani, kilabu cha pombe jirani na shule, au nyumba ya ndugu fulani.

Kisha chagueni wachache. Vijana 30 wanaofuatiliwa mwaka mzima ni bora kuliko 300 wa siku moja. Vigezo vya kuwachagua visomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, ili mtoto wa kiongozi asije akaonekana ndiye yatima wa kwanza. Vigezo visomwe, lakini historia ya kijana mmoja mmoja isisomwe.

Mlezi ndiye mradi

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika mradi wa namna hii fedha huisha, lakini mlezi mzuri anaendelea kuwa jirani. Kwa vijana 30 tafuteni walezi sita, kila mmoja na vijana watano. Kazi yake ni kukutana nao kila wiki, kujua nani hakuja na kwa nini, na kumsindikiza anayehitaji kwenda zahanati, shule au ofisi ya kata.

Walezi watatoka wapi? Fundi cherehani mwenye heshima, mwalimu mstaafu, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, mkulima wa mpunga anayejulikana kwa kazi yake. Na hapa tunawageukia ninyi wagonjwa. Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU kwa miaka kumi na ana afya njema anaweza kumfundisha kijana aliyezaliwa na maambukizi jambo ambalo hakuna bango linaloweza kulifundisha: namna ya kumeza dawa kila siku ukiwa kibaruani, bila kujificha na bila kukata tamaa. Aliyepona kifua kikuu, aliyeacha pombe, aliyejifunza kutembea upya baada ya ajali, wote hawa wana somo.

Lakini ulezi uwe na kanuni. Mlezi asikutane na kijana faragha mahali pasipoonekana. Asimkopeshe wala kukopa kwake. Mlezi wa kike kwa wasichana. Kila kijana ajue mtu mwingine wa kumwambia iwapo mlezi wake mwenyewe ndiye tatizo. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo, iandikwe kwenye ukuta wa mahali wanapokutania.

Wazazi, jambo moja zaidi mlifahamu mapema. Ukatili wa kingono ukitokea, saa zinahesabiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndiyo bora. Usiketi kwanza na familia ya mtuhumiwa kujadili ng'ombe. Mpeleke mtoto kituo cha afya, mengine yafuate.

Zahanati iwafungulie mlango

Mganga mfawidhi wa zahanati awemo katika kamati tangu kikao cha kwanza. Ombi kwake ni dogo: mchana mmoja kwa wiki uwe wa vijana, baada ya muda wa shule, wakati benchi halina shangazi wala jirani. Kijana akiuliza kuhusu uzazi wa mpango ajibiwe, asihojiwe.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 na kuendelea anaweza kupima VVU kwa ridhaa yake mwenyewe. Mzazi, usilichukue hilo kama dharau. Kijana anayejua hali yake anaweza kutibiwa. Na kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14, kamati ihakikishe wote wamepata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja. Asiye shuleni hukosa chanjo zinazotolewa shuleni, kwa hiyo daftari la kitongoji litumike hapa pia.

Fedha zilizopo

Kabla ya kuandika barua kwa mfadhili, tazameni kilicho karibu.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa Julai 2024. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa na kuanzia miaka 18, hivyo binti wa miaka 16 haimfikii. Huo ndio upenyo ambao mradi wa kijiji unapaswa kuuziba, na akitimiza miaka 18 awe tayari ana kikundi, kumbukumbu za fedha na nidhamu ya kuweka akiba.

Kwa aliyekatiza masomo, Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 umefungua mlango wa kurudi shuleni, akiwamo aliyepata ujauzito. Wazazi wengi bado wanaamini mlango huo umefungwa. Muda una kikomo, kwa hiyo msingoje mtoto atembee ndipo mwende kwa mwalimu mkuu. Kwa anayetaka ufundi, chuo cha VETA kipo Mikumi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vinapokea kina mama vijana pamoja na watoto wao.

Ardhi nayo ni mtaji. Ekari mbili za kijiji kwa bustani, mizinga michache ya nyuki, kuku wa kienyeji waliochanjwa dhidi ya mdondo: vitu hivi havihitaji vipuri kutoka mbali. Ratiba yote ifuate msimu. Usiweke mafunzo wakati wa kupanda au kuvuna, wala masika wakati barabara zinakatika. Wala yasigongane na saa za shule, maana mradi unaomtoa mtoto darasani umeshindwa kabla ya kuanza.

Fedha zote, hata za mchango wa kahawa, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji kila mwezi: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Watia saini wawe watatu, mmoja wao kijana.

Mtajuaje kama umefaulu?

Msihesabu fulana wala picha. Baada ya miezi 12 jiulizeni maswali haya. Kati ya vijana 30, wangapi bado wanakutana na mlezi? Wangapi wamerudi shule au wana kazi inayowapa fedha kila mwezi? Mabinti wangapi wamepitisha mwaka bila mimba wasiyoitaka? Wanaotumia dawa za kudumu, je, wanafika kliniki kwa tarehe zao? Yule aliyekuwa akimuuguza mama, nani anamshikia zamu siku za shule?

Swali hilo la mwisho linaturudisha kwenye benchi la zahanati. Mara nyingine msaada mkubwa kwa kijana ni jirani kumshika mgonjwa mkono siku tatu kwa wiki. Hauhitaji akaunti ya benki.

Maoni yetu ni haya: Mabwerebwere na kata kama hiyo hazipaswi kungoja gari lenye nembo. Daftari, walezi sita, mchana mmoja wa zahanati na ekari mbili vinaweza kupangwa katika mkutano mkuu ujao wa kijiji. Fedha za nje zikija, zitakuta kazi imeanza na zitajua pa kwenda. Zisipokuja, vijana 30 watakuwa na mtu anayewauliza kila wiki wanaendeleaje.

Wewe mzazi au mgonjwa una hatua moja ya wiki hii. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, uliza tarehe ya mkutano mkuu, na omba suala la vijana liwe ajenda. Ukirudi nyumbani, kaa na kijana wako, umuulize swali lile la siku yake inakwendaje. Kisha umwache aseme mpaka amalize.